Tafuta wa kukusindikiza: namna ya kujifunza Kifaransa pamoja na mwenzako

Kila mwaka siku ya proklamasio inakuja na kupita, na sisi walimu tunaiona tukiwa upande wa pili wa meza. Mama anaingia amevaa kikwembe chake kizuri, anaketi, mwalimu anafungua buletini na kuanza kuongea Kifaransa. Mama anamgeukia mtoto. Mtoto wa miaka kumi anatafsiri: "Mama, amesema nimejikaza." Mwalimu alikuwa amesema neno lingine kabisa. Mtoto huyo hana ubaya kupita wengine. Tumempa tu kazi ambayo hata mtu mzima ingemshinda: kuwa mshtakiwa na mkalimani kwa wakati mmoja.

Hapo tunaweza kucheka. Lakini ni mtoto huyo huyo tunayemchukua mkononi kwenda hospitalini. Tunamwona binti wa miaka kumi na miwili akimweleza dokta mahali mama yake anapoumwa, kisha akimrudishia mama maneno ya dokta juu ya kizazi, juu ya damu, juu ya operesheni. Kuna maneno ambayo mtoto hapashwi kuyabeba. Na kuna maneno ambayo mama, akijua kwamba yatapitia kinywa cha mtoto, hatayasema. Atayameza, na atarudi nyumbani na ugonjwa wake.

Tuseme wazi: kutojua Kifaransa si aibu. Katiba ya inchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kwenye kifungu cha kwanza kabisa, inasema kwamba Kifaransa ni lugha rasmi, na kwamba Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba ni lugha za taifa. Mama anayeomba aelezwe kwa Kiswahili haombi zawadi. Walimu na wauguzi wengi wanafanya hivyo vizuri, na tunawashukuru. Lakini karatasi haigeuki. Buletini, fishi ya hospitali, ordonansi, karatasi ya mkopo, karatasi ya kiwanja, zote zimeandikwa Kifaransa, na zinakungojea uweke sahihi au alama ya kidole. Ndiyo maana wamama wengi kwenye vikundi vyetu wanatuuliza: "Mwalimu, nifanye nini nijue Kifaransa hata kidogo, na umri huu, na kazi hizi zote?"

Jibu letu leo ni moja: tafuta mtu wa kukusindikiza.

Njia hii tunaijua tayari

Tufikiri kwanza namna tulivyojifunza Kiswahili. Hapa Bukavu wamama wengi walikuja kutoka Walungu, Kabare, Mwenga, Idjwi. Walifika na Kimashi, Kilega au Kihavu, na Kiswahili walikuwa wanakisikia kwa mbali. Leo wanauza samaki Kadutu, wanabishana bei, wanacheka, wanasengenya, yote kwa Kiswahili. Nani aliwafundisha? Hakukuwa na ubao wala chaki. Alikuwapo jirani kwenye meza ya soko, dada wa mume, au mama wa kanisani. Huyo alisema, wewe ukatazama mikono yake. Alikutuma, ukaenda ukarudi na kitu kibaya, akacheka kidogo, akakuonyesha kile kizuri. Baada ya miezi ulikuwa unasema.

Mtu huyo ndiye tunamwita msindikizaji. Mgeni akitoka kwetu, hatumwachi mlangoni. Tunamsindikiza mpaka njia kubwa, kisha tunarudi. Hatumbebi mgongoni, wala hatuendi naye mpaka kwake. Tunatembea naye kile kipande ambacho peke yake angepotea. Msindikizaji wa lugha anafanya vile vile.

Vituo vya kufundisha wamama kusoma na kuandika vina faida kubwa, na mwenye nafasi ya kwenda aende. Lakini kalasi ya watu thelathini haiwezi kumpa kila mmoja nafasi ya kusema. Mkikaa saa moja, mwalimu anasema sehemu kubwa, na wewe unapata chini ya dakika moja. Sisi walimu tunajua hivyo. Ulimi unazoea kwa kusema, na kusema kunahitaji mtu mmoja aliye karibu, ambaye humuogopi.

Wazee wa California

Kuna watu walioiwekea njia hii utaratibu, na utaratibu wao unaweza kutufaa. Katika jimbo la California, huko Marekani, wenyeji wa kwanza walikuwa na lugha karibu mia moja kabla Wazungu hawajafika. Watoto wao wengi walipelekwa kwenye shule za bweni ambako walikatazwa kusema lugha ya nyumbani. Kufika miaka ya 1990, lugha nyingi zilikuwa zimebaki kwa wazee wachache tu, wengine wakiwa na lugha isiyosemwa tena na mtu yeyote kijana. Vitabu vya kutosha havikuwapo, wala walimu.

Shirika la wenyeji hao, linaloitwa Advocates for Indigenous California Language Survival, pamoja na Leanne Hinton, mwalimu wa elimu ya lugha kwenye Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, wakapanga jambo jepesi: mzee mmoja na mtu mzima mmoja anayetaka kujifunza wakae pamoja. Waliombwa wawe pamoja saa kumi mpaka ishirini kila wiki, kwa muda unaoweza kufika miaka mitatu. Wapike, wafue, watembee, waende kununua vitu, na wakati wote waseme lugha ya mzee tu. Kama mwanafunzi haelewi, mzee aonyeshe kwa mkono, kwa uso, kwa kitu chenyewe. Kiingereza kikae nje ya mlango.

Jambo moja katika utaratibu wao lilitugusa sisi walimu. Mzee hakuombwa ajue kufundisha. Mwanafunzi ndiye aliyefundishwa namna ya kumwongoza mzee: kuleta kazi ya siku, kuuliza, kuomba neno lirudiwe, kukumbusha kwamba wasitoke kwenye lugha. Wengine waliojifunza hivyo wamekuwa leo walimu wa lugha zao. Sisi hatuna saa ishirini kwa wiki, tuna maji ya kuchota na soko la kuwahi. Lakini shina la njia ile tunaweza kulichukua: wawili, kazi moja mikononi, lugha moja mdomoni, na anayejifunza ndiye anayeongoza.

Nani wa kumchagua

Wamama wengi wanafikiri wanapashwa kumpata mtu aliyesoma sana. Hapana. Aliyesoma sana mara nyingi hana saa, na wakati mwingine hana uvumilivu. Tafuta mtu mwenye mambo haya manne.

Kwanza, awe anasema Kifaransa bila shida katika mambo ya kila siku. Usitafute sauti ya Paris. Kifaransa cha kwetu ndicho utakachosikia kwenye hospitali na shuleni. Chukueni hesabu kwa mfano. Kwetu 70 ni *septante* na 90 ni *nonante*, kama Wabelgiji walivyotuachia. Huko Ufaransa wanasema *soixante-dix* na *quatre-vingt-dix*. Ukijifunza bei kutoka kitabu cha Ufaransa, siku ya kwanza sokoni utapoteza pesa.

Pili, awe karibu, kwenye avenyu yako au kwenye kikundi chako. Mtu bora aliye mbali atakusaidia mara moja kwa mwezi. Wa karibu mtaonana mara tatu kwa wiki.

Tatu, asicheke watu. Mwangalie anavyosikiliza mtoto anayesema vibaya. Akimkata kila neno, au akimchekelea mbele ya wengine, mpite kimya kimya.

Nne, naye awe anahitaji kitu kutoka kwako. Tutalirudia jambo hili chini.

Wapi utampata? Anza ndani ya likelemba yenu au kikundi chenu cha akiba. Mara nyingi kuna mama mmoja aliyefika sekondari kisha akaolewa, na Kifaransa chake kinalala bila kazi. Ukimwomba, unamwamsha naye. Tazama pia mwalimu au muuguzi mwanamke aliyepumzika na kazi. Ana saa, na anapenda kusalimiwa. Kuna tena wasichana wa kalasi za juu za sekondari, jirani au mpwa wako, ambao kukusaidia kunawazoeza kusema wenyewe.

Na mtoto wako mwenyewe? Anaweza kukusaidia hesabu, majina ya vitu, na kusoma herufi. Ni jambo zuri mtoto amwone mama yake anajifunza. Lakini usimfanye yeye peke yake msindikizaji. Mama anahitaji mtu ambaye mbele yake anaweza kusema "hapa ninaumwa".

Neno moja kwa wasichana na kwa wamama pia. Kama anayejitolea kukufundisha ni mwanamume, mkutane mahali penye watu, mchana, na mtu wa nyumbani ajue. Akianza kuomba mkutane usiku au peke yenu, masomo yameisha siku hiyo. Kifaransa kitapatikana kwingine.

Mpatane kabla ya kuanza

Mkono mtupu haulambwi. Urafiki mwingi wa masomo unakufa kwa sababu mmoja anatoa kila siku na mwingine anapokea, na hakuna aliyesema kitu. Siku ya kwanza msiguse Kifaransa. Mketi, mseme kwa Kiswahili mambo matatu.

La kwanza ni wakati: siku gani, saa gani, dakika ngapi. Sisi tunashauri dakika arobaini, mara tatu kwa wiki. Ni afadhali kidogo kisichokatika kuliko Jumamosi nzima mara moja, kwa sababu neno lisiporudiwa mapema linapotea.

La pili ni malipo, na si lazima yawe faranga. Unajua kusuka nywele, kushona, kutengeneza sabuni, kupika mandazi ya kuuza? Mfundishe. Ana mtoto mdogo? Mshikie siku ya soko. Pengine yeye alikulia mjini, hajui Kimashi, na mama mkwe wake anamsengenya kwa Kimashi mbele ya uso wake. Basi nusu saa kwako, nusu saa kwake: kila mmoja ni mwanafunzi, kila mmoja ni msindikizaji. Hakuna mapatano mazuri kupita haya, kwa sababu kila mmoja anaonja namna inavyouma kutojua.

La tatu ni muda. Mseme: tutajaribu miezi mitatu, kisha tutaangalia. Hivyo anayetaka kuacha ataacha bila ugomvi, na ujirani utabaki.

Na siri. Mkijifunza maneno ya hospitali, yatatoka mambo ya hospitali. Mwombe wazi kwamba yanayosemwa hapo yasifike bombani.

Dakika arobaini zinaendaje

Mama anayejifunza ndiye anayefika na kazi. Usiende kumwambia "nifundishe Kifaransa". Hata sisi wenye diploma ya kufundisha, ombi kama hilo linatuchanganya. Mwambie: "Leo nataka kujua namna ya kununua dawa," au "Leo tupike sombe kwa Kifaransa." Kazi moja, siku moja.

Tuchukue sombe.

Dakika kumi za kwanza wewe husemi. Yeye anaagiza, wewe unatenda. *Prenez les feuilles*, unachukua majani. *Lavez la casserole*, unaosha sufuria. *Pilez*, unatwanga. *Ajoutez l'huile*, unaongeza mafuta. *Goûtez*, unaonja. Asitafsiri. Usipoelewa, aonyeshe kwa mkono. Arudie, achanganye, akupime: *Lavez les feuilles. Prenez l'huile.* Mikono yako ikienda yenyewe bila kufikiri, neno limeingia. Mwombe atumie *vous*, ile ya heshima, hata kama ninyi ni marafiki, maana hiyo ndiyo utakayoihitaji mbele ya mwalimu na muuguzi. Ile ya *tu* itakuja yenyewe.

Dakika kumi na tano zinazofuata, wewe unauliza. Hapa kuna maneno ambayo kila mama anapashwa kuyajua kabla ya mengine yote. Tunayaita jembe, kwa sababu ndiyo yanayochimba mengine:

*Comment appelle-t-on ceci ?* Hiki kinaitwaje?

*Je n'ai pas compris.* Sijaelewa.

*Répétez, s'il vous plaît.* Rudia, tafadhali.

*Parlez lentement, s'il vous plaît.* Sema polepole, tafadhali.

*Montrez-moi.* Nionyeshe.

*Que veut dire ce mot ?* Neno hili maana yake nini?

Mama mwenye maneno haya sita hawezi kukwama, kwa sababu ana namna ya kuomba msaada bila kutoka kwenye lugha. Na mahali popote atakapokuwa, kila anayesema Kifaransa anaweza kumsindikiza dakika moja.

Dakika kumi zinazobaki, mnageuza: sasa wewe unaagiza, yeye anatenda. Ukikosea akaleta chumvi badala ya mafuta, mtacheka wote, na hutasahau tena. Dakika tano za mwisho, kaye. Andika maneno saba au manane, si zaidi. Kama hujui kuandika, chora. Kama una telefone, mwombe aseme sentensi tano polepole, uzishike kwa sauti. Kesho asubuhi ukimenya mihogo, utazisikiliza mara kumi bila kulipa kitu.

Kisha kuna kazi ya mwisho, ambayo wengi wanaisahau. Kabla hamjaonana tena, nenda useme yale maneno kwa watu watatu wengine: muuza dawa, mwalimu wa mtoto, motari. Neno lililosemwa na msindikizaji peke yake ni kama nguo iliyo kwenye sanduku. Lazima uivae watu waione.

Usimuulize "kwa nini"

Msindikizaji wako anajua kusema, lakini hajui kueleza. Ukimuuliza kwa nini ni *le marché* lakini ni *la maison*, atachanganyikiwa, na mtamaliza saa nzima bila faida. Nawe ukiulizwa kwa nini tunasema mtoto mzuri lakini kitoto kizuri, utajibu nini? Utasema: ndivyo tunavyosema. Basi mwulize "tunasemaje?", mwache "kwa nini?" kwa walimu. Jifunze kila jina pamoja na kidogo chake cha mbele, *le* au *la*, kama tunavyojua mtoto pamoja na mama yake.

Mpatane pia juu ya kusahihisha. Akikukata kila neno, utanyamaza. Asiposahihisha kabisa, utabaki na makosa. Njia ya katikati ni hii: akuache umalize, kisha arudie sentensi yako vizuri, kwa sauti ya kawaida, kama anayekujibu. Wewe uirudie nyuma yake. Basi. Hakuna maelezo, hakuna uso wa mwalimu mkali.

Magumu yatakayokuja

La kwanza: mtarudi kwenye Kiswahili. Itatokea, kwa sababu ninyi ni marafiki na mna habari za kupeana. Wekeni alama. Wamama wanaweza kufunga kitambaa kwenye kitasa cha mlango: kitambaa kikiwapo, ni Kifaransa tu. Kikitoka, mtoe na habari zote za mtaa.

La pili: mwezi wa pili utachoka. Utaelewa mengi, lakini ulimi utakataa. Usidhani umeshindwa. Wewe ni mama, umelea. Mtoto anasikiliza karibu mwaka mzima kabla ya kutoa neno lake la kwanza, na wakati huo hatumwambii ni mjinga. Tunaendelea kumsemesha. Sikio linatangulia, ulimi unafuata.

La tatu: watu watasema. "Mama huyu sasa anajifanya mzungu." Mume naye anaweza kuuliza unataka kwenda wapi na Kifaransa hicho. Msigombane. Mwambieni jambo moja: siku nitakaposoma ordonansi, hatutanunua dawa mara mbili, siku nitakaposoma buletini, mtoto hatatudanganya sisi wawili. Baba wengi wakisikia habari ya pesa na ya mtoto wanatulia.

La nne: msindikizaji atahama, atazaa, ataumwa. Ndiyo maana ni vizuri kuwa na wa pili kwa mbali, na kaye yako iwe kwako, siyo kwake.

Pima kwa milango

Usihesabu maneno wala kurasa. Hesabu milango unayoingia bila mkalimani. Sisi tunapendekeza mitano, kutoka mwepesi mpaka mzito.

Mlango wa kwanza ni bei: kusikia *sept mille cinq cents* na kutoa 7.500 bila kuangalia vidole. Wa pili ni njia: kumwambia motari mahali na bei. Wa tatu ni kituo cha afya: kusema *J'ai mal ici, depuis trois jours*, ninaumwa hapa, tangu siku tatu, na kuelewa dawa ni mara ngapi kwa siku. Wa nne ni shule: kuketi mbele ya mwalimu, kusoma *échec* au *réussite* kwenye buletini na kuuliza *Que doit-il faire ?* Afanye nini? Mtoto akiwa nje, anacheza.

Wa tano ni karatasi ya sahihi, na hapo msijidanganye. Miezi mitatu haitoshi kusoma karatasi ya mkopo au ya kiwanja. Lakini inatosha kujua sentensi moja: *Je vais d'abord faire lire ce papier.* Nitakwenda kwanza kusomesha karatasi hii. Mama anayesema hivyo kwa sauti tulivu, akakunja karatasi akaitia kwenye mfuko, amejilinda. Kisha atafute mtu wa kuaminika amsomee yote, mpaka mstari wa chini. Mwenye haraka ya sahihi yako siku zote ana sababu yake.

Kwenye mkutano ujao

Tunaomba vikundi vifanye jambo moja dogo. Kwenye mkutano ujao, kabla ya kuhesabu akiba, kila mama aseme mambo mawili: lugha moja anayoweza kumpa mwenzake, na lugha moja anayotaka kupewa. Kifaransa kitatajwa, na Kimashi, na Kilega, na Kifuliiru, maana wajukuu wengi wa mjini wanaamkia bibi yao kwa neno moja tu, kisha wananyamaza. Bibi asiyejua Kifaransa ni mzee wa California kwa lugha yake mwenyewe, naye anastahili mtu wa kukaa naye jikoni. Katibu aandike wawili wawili, siku zao na saa zao, kama mnavyoandika zamu za likelemba.

Baada ya miezi mitatu, msilete mtihani. Kila wawili waseme tu ni mlango gani umefunguka. Na kama binti wa mama mmoja amebaki nyumbani na masomo yake siku mama alipokwenda hospitalini peke yake, hiyo andikeni mkatuletee, tutaiweka hapa ili wengine waisome.